Nasaba ya Samaki wa Mzee Korane

Tulipoachana Jumamosi iliyopita, Sagal alikuwa ndani ya bwawa, maji yamemfika kiunoni, mikono yote miwili imeng'ang'ania wavu, na wewe msomaji ulikuwa unataka kujua humo ndani mna nini.

Hamna kitu.

Aliuinua wavu mpaka ukatoka wote majini. Ukachuruzika, ukanyamaza. Kizimba cha samaki Baarqab kilikuwa kitupu.

"Kinsi! Kinsi, njoo! Ameibiwa!"

Kinsi, afisa wa uvuvi, alikuwa kivulini anambembeleza mtoto Hamda kwa funguo za gari. Alikuja mbio, mtoto kwapani, funguo mdomoni mwa mtoto.

"Umeangalia vizuri?"

"Abaayo, dada yangu, ni samaki, si sindano. Hayupo!"

"Labda kunguru."

"Kunguru gani atamwinua yule? Yule ndiye angemwinua kunguru."

Kama gazeti la wiki jana lilikupita kwa sababu mtu alishalifungia sambusa, sikiliza upesi, maana hatuna muda. Bwawa hili liko kwenye kishamba cha Mzee Korane, baba mkwe wa Sagal, karibu na Mto Tana, nje kidogo ya mji wa Garissa. Korane ni mtu wa ngamia. Anataka bwawa lifukiwe, mahali pake pawe zizi la ngamia wa maziwa. Sagal alipolia na kusihi, mzee alisema neno moja, na neno la Korane halina marekebisho.

"Ngamia wangu yeyote nitakutajia mama yake, na mama wa mama yake, na dume lililompanda kila mmoja. Mnyama asiye na nasaba si mfugo, ni mdudu. Niletee samaki mmoja tu, hapa mbele yangu, unitajie nasaba yake. Ukiweza, bwawa ni lako. Ukishindwa, tingatinga litaingia siku hiyo nitakayoitaja."

Siku aliyoitaja ni leo, baada ya swala ya alasiri.

Na mumewe Sagal, Abdiwahab? Yuko Griftu sokoni na mbuzi. Simu yake inaita kidogo, inakata, kama mtu anayekohoa.

Lakini Sagal hakuwa amekaa bure. Kinsi alikata kipande kidogo cha pezi la kila samaki, kidogo kama ukucha wa mtoto, akavipeleka maabara Nairobi. Huko walisoma jeni. Kuna viashiria ndani ya jeni, na ukivilinganisha vinakwambia huyu ni mtoto wa yule, huyu atakua haraka, huyu atavumilia maji yakipata moto. Majibu yalitua kwenye simu ya Kinsi jana. Karibu samaki wote wa bwawa ni ndugu wa tumbo moja, wanaoana wenyewe kwa wenyewe, ndiyo maana wanadumaa. Mmoja tu, yule mkubwa mwenye kipuli cha plastiki cha njano mgongoni, ndiye aliyekutwa na viashiria vizuri vyote. Nasaba yake imepatikana mpaka kwa bibi.

Nyumba nzima ilikuwa inamwita Baarqab, jina la ngamia dume la mbegu, kwa sababu ya ule ukubwa wake.

Na sasa Baarqab hayupo.

"Nani aliingia hapa?" Kinsi aliuliza.

Sagal alitoka majini, nguo zimemganda. Alitaka kujibu kwamba hajui. Badala yake akainua pua.

"Unasikia?"

"Nini?"

"Harufu."

Upepo ulikuwa unatoka nyumbani. Na kutoka nyumbani, kwenye nyumba ya Mzee Korane ambako samaki hajawahi kuvuka kizingiti, ilikuwa inakuja harufu ya samaki wa kukaanga.

Sagal aliangua kilio, akakimbia.

*

Mama mkwe wake, Mama Timiro, alikuwa jikoni peke yake. Aliposikia miguu alifunika sufuria, akakaa juu ya mfuniko.

Alikaa juu ya mfuniko, ndugu zangu. Wa moto.

"Hooyo," Sagal alisema, anahema, "kuna nini kwenye sufuria?"

"Nyama."

"Nyama ya nini?"

"Ya... nyama. Mbona umelowa hivyo? Utampa mtoto mafua."

"Hooyo, inuka."

"Siwezi. Mgongo."

Lakini sufuria ina moto wake na binadamu ana mwisho wake. Mama Timiro aliruka. Kinsi akafunua. Ndani mlikuwa na samaki, nusu ameliwa, amekaangwa kwa vitunguu na limau kwa ufundi ambao mtu haupati kwa siku moja.

Sagal alishika ukuta. "Umemla Baarqab."

"Nani? Yule wa kipuli? Astaghfirullah!" Mama Timiro alijifuta midomo na shungi. "Yule nimguse? Huyu ni wangu mwenyewe. Nimemnunua kwa wavuvi wa mtoni. Sasa punguzeni sauti, huyo mzee asisikie."

"Hooyo, wewe unakula samaki?"

"Tangu ile dawa ya presha. Daktari alisema niache nyama nyekundu." Akatazama sufuria kwa huruma. "Mwanzoni ilikuwa dawa."

Kinsi aligeuka ukutani, mabega yakitikisika. Mtoto Hamda alinyoosha mkono kuelekea sufuria.

"Basi Baarqab yuko wapi?"

Mama Timiro alivuta pumzi. Ilikuwa ni zamu yake sasa kuwa na siri ya mtu mwingine, na siri hiyo ilimpa nguvu.

"Mwulizeni mwenye nyumba. Jana alipata mgeni. Mgeni alikuja mikono mitupu, akaondoka na pipa."

*

Mzee Korane alikuwa barazani na kikombe chake cha chai ya maziwa ya ngamia. Aliwaona wanakuja, akatengeneza kofia yake, kama hakimu.

"Aabo," Sagal alianza kwa adabu, "samahani. Baarqab hayupo kizimbani."

"Najua."

"Unajua?"

"Nimemwazima Sugow. Binamu yangu wa Masalani. Amechimba bwawa kule, samaki wake wamekuwa kama vidole. Amesikia habari ya huyu."

"Aabo! Umemwazima samaki wangu?"

"Ningefanyaje?" Korane aliweka kikombe chini. "Alisimama mlangoni pangu. Akatoa salamu. Akasema: Korane, kundi langu limedhoofika, naomba dume la mbegu. Maneno yale yale ambayo baba yake alimwambia baba yangu. Tangu nizaliwe sijasikia mtu wa ukoo wetu akinyimwa dume la mbegu. Nianze mimi? Kwa samaki?"

Kinsi alimtazama Sagal. Sagal alimtazama Kinsi.

"Aabo," Sagal alisema polepole, "dume la mbegu huazimwa la mnyama gani?"

"La mfugo."

"Na samaki ni mfugo?"

Mzee akachukua kikombe, kumbe kimekwisha, akakinywa hivyo hivyo.

"Usinifunge kwa ulimi, binti. Masharti yetu unayajua. Samaki mbele yangu, na nasaba yake. Baada ya alasiri."

"Lakini umemtoa wewe!"

"Kamfuate."

"Basi mpigie simu ami, Adeer Sugow, umwambie amrudishe."

"Mimi?" Korane alishtuka kweli. "Nimdai mtu dume kabla halijafanya kazi? Nitaonekanaje Masalani? Na wewe vilevile, mkwe wangu huwezi kwenda kudai kwa niaba yangu. Ni aibu ile ile imevaa buibui."

Sagal aliketi kwenye ngazi. Hamda akamrukia mapajani. Lile bwawa alilichimba na wanawake wenzake kwa majembe ya kuazima, mimba ya Hamda ikiwa imemfika kidevuni. Kila jioni alikuwa anamnyonyesha pale ukingoni, anamhesabia samaki wanaoruka. Alitaka mtoto huyu akue akijua kwamba mama yake ana kitu kinachoitwa changu.

Akainua kichwa.

"Aabo, dume lako likiwa ugenini, huwa huendi kulijulia hali?"

"Kulijulia hali?" Korane alikuna ndevu. "Kulijulia hali naenda. Mtu lazima aone malisho."

"Basi twende tukamjulie hali Baarqab."

Mzee alitazama jua. Alitazama kikombe. Kisha akainuka na fimbo yake, na kwa mara ya kwanza siku hiyo macho yake yalikuwa yanacheka.

"Timiro! Lete viatu vyangu. Tunakwenda kuona malisho."

"Na mimi nakuja," Mama Timiro alisema kutoka jikoni. Akafunga mlango wa jikoni vizuri. Dirisha akalisahau.

*

Sugow alikuwa bado mjini, kwenye gesti, anasubiri gari la kesho la Masalani. Mzee mwembamba, mpole, shingo ndefu. Aliwakaribisha kwa furaha.

"Karibuni, karibuni! Korane, mgeni wako anaheshimiwa. Njoo uone mwenyewe."

Pipa la buluu lilikuwa katikati ya chumba, limefunikwa shuka safi la gesti. Sugow alilifunua kama mtu anayefunua bibi harusi.

Maji yalikuwa meupe.

"Adeer," Sagal alisema, "hii ni nini?"

"Maziwa! Ya ngamia, ya leo asubuhi, nimeyatafuta mpaka nikayapata. Nimesema dume la Korane limetoka safari, litalalaje na maji matupu?"

"Wallahi umefanya vizuri," Korane alisema, ameguswa moyoni.

"Hajafanya vizuri!" Kinsi alipiga kelele. "Maziwa yanaoza humo, yanamaliza hewa ya maji! Anakufa!"

Na kweli, katikati ya ule weupe, mdomo mmoja ulikuwa umejitokeza juu. Umefumbwa kabisa, lakini mashavu ya samaki yalikuwa yanapanda na kushuka haraka haraka. Baarqab alikuwa analala ubavu.

Sasa hapo, msomaji, ungeona wazee wakikimbia.

"Jerikani! Kwenye gari kuna jerikani za maji ya bwawa!" Kinsi aliamuru.

Korane alibeba mbili, yeye ambaye hajabeba hata kikombe chake tangu aoe. Sagal alimkabidhi Mama Timiro mtoto, akamwaga yale maziwa bafuni kwa ndoo. Mama Timiro alibaki anasema "Ya Rabi, ya Rabi" na kumpepea samaki kwa kanga, kana kwamba ni joto tu.

"Hewa!" Kinsi alisema. "Tunahitaji kitu cha kupuliza hewa!"

Sugow alitoka nje, akarudi na pampu ya baiskeli ya mlinzi. Akatumbukiza mpira wake majini, akaanza kupiga. Viputo vikapanda. Machozi yalikuwa yanamtiririka mzee wa watu hadi kwenye ndevu.

"Nisamehe, Korane. Nimeua dume la watu kwa mapenzi."

"Piga pampu, waryaa! Lia baadaye!"

Akapiga. Viputo vikapanda.

Kisha mkia ukatikisika. Mara moja. Mara ya pili. Baarqab alijipindua, akasimama wima ndani ya maji, kipuli chake cha njano kikiwaka.

"Alhamdulillahi," watu wote walisema kwa pamoja, hata mlinzi mlangoni.

Sagal hakupoteza nafasi. Alimshika Kinsi mkono. "Sasa. Msomee nasaba yake sasa hivi."

Kinsi alitoa simu, akasafisha koo.

"Mzee Korane. Samaki ndiye huyu mbele yako. Mama yake ni yule mwenye kipuli chekundu, bado yuko bwawani. Baba yake ni yule wa kipuli cheupe, aliyekufa wakati wa joto. Mama wa mama yake ni wa kundi la kwanza kabisa lililoletwa, na pezi lake lipo maabara. Hatukukisia. Viashiria vya mtoto vimelinganishwa na vya wazazi, kimoja baada ya kingine, vikakubaliana."

Korane alikuwa anatikisa kichwa taratibu, macho amefumba, kama anavyofanya akisikiliza nasaba ya ngamia mzuri.

"Rudia upande wa mama," alisema.

Kinsi akarudia.

"Haye. Ni watu wanaojulikana."

Moyo wa Sagal ulipaa. Mzee alifungua macho. Alinyoosha mkono wa baraka. Alikuwa ameshafungua mdomo kusema lile neno.

Na Baarqab naye akafungua mdomo wake.

Kwa upole, kama mtu anayetema kokwa, alitoa kitu kidogo chenye macho mawili meusi. Kikaogelea. Akatoa kingine. Kisha likatoka wingu zima, vitu vidogo vidogo vinavyometameta, vikajaa pipa, vikacheza katikati ya viputo vya Sugow.

"Subhanallah!" Sugow aliachia pampu. "Dume limezaa!"

Mlinzi wa gesti alitoka mbio.

Kinsi alikuwa amejishika kichwa. "Tilapia," alisema kwa sauti ndogo, "mama ndiye hubeba mayai mdomoni. Huyatunza humo mpaka yawe vifaranga. Akibanwa na shida huwatema. Mama. Baba hafanyi hivyo."

"Kwa hiyo huyu," Korane alisema.

"Ni jike."

"Nimemwazima binamu yangu jike kama dume."

"Ndiyo, mzee."

"Binti," Korane aliegemea fimbo, sauti yake ikawa laini, na hapo ndipo watu waliomjua walikuwa wanaogopa, "mashine yako inayomjua bibi yake, haijui kwamba huyu ni mwanamke?"

"Mashine haikuulizwa, mzee. Dume tulisema sisi wenyewe, kwa sababu ni mkubwa, na madume ndio huwa wakubwa. Nilimkagua alipokuwa mdogo, na wakiwa wadogo hawajulikani. Kosa ni langu."

"Basi leo iulize." Fimbo ya Korane ilionyesha pipa. "Hawa watoto, baba yao nani?"

Kinsi alibonyeza simu, kisha akairudisha mfukoni.

"Swali dogo. Ngamia wangu akizaa, hata mtoto wa jirani anajua dume ni lipi. Nitajieni baba wa hawa, na mimi nitaamini yote, mama na bibi na Nairobi yenu. Mkishindwa, tumekubaliana."

Sagal aliinamisha kichwa. Maana kulikuwa na jambo baya zaidi, na yeye peke yake ndiye aliyelijua.

"Aabo... kizimbani alikuwa peke yake."

"Peke yake?"

"Tangu akatwe pezi. Kinsi alisema nisiinue wavu, nisimsumbue. Nilikuwa namrushia chakula tu kwa juu. Hakukuwa na samaki mwingine humo. Wavu hauna tundu."

Sugow alianza kusoma dua chini kwa chini.

"Basi hawana baba," Korane alisema. Hakuwa na furaha. Ungesema alikuwa amehuzunika, kama mtu aliyekuwa karibu kununua kitu kizuri akakuta kina ufa. "Twendeni nyumbani. Tingatinga limeshafika."

Waliinuka. Walifika mlangoni.

"Ngojeni."

Ilikuwa Mama Timiro. Alikuwa amesimama kando ya pipa, Hamda begani, anawatazama wale vifaranga. Uso wake ulikuwa umepauka.

"Kulikuwa na mwingine," alisema.

"Mwingine nani?"

"Samaki. Nilimweka mimi."

Korane aligeuka taratibu. "Timiro. Samaki wa nini?"

Mama Timiro alimtazama mkwe wake. Nguo za Sagal zilikuwa bado na matope ya bwawa. Kisha alimtazama mumewe wa ujana wake, mtu aliyekuwa akiwacheka wala samaki mbele ya wageni tangu Garissa haina lami.

"Wa kula," alisema. "Nanunua kwa wavuvi akiwa hai, namficha kwenye wavu wa huyu binti asiharibike mpaka wewe utoke. Safari hii ukashikwa na mafua. Ukakaa barazani wiki mbili, hutoki, unapiga chafya tu. Samaki akakaa humo humo. Jana Sugow alitia mkono tu akamchukua wa kipuli, wangu akabaki chini, hakuonekana. Leo asubuhi umekwenda kwa kinyozi, nikamtoa."

"Unakula samaki."

"Ndiyo."

"Nyumbani kwangu."

"Nyumbani kwetu."

"Kwenye sufuria gani?"

Mama Timiro alinyoosha shingo. "Ile ninayochemshia chai yako."

Nimeambiwa na aliyekuwepo kwamba kiputo kimoja kilipasuka ndani ya pipa, na kila mtu akakisikia.

Sagal alimwendea mama mkwe wake, akamshika mkono na kuubusu. Mwanamke huyu alikuwa amejivunjia heshima yake mwenyewe, mbele ya Sugow wa Masalani, ambaye kufikia Ijumaa angekuwa amemwambia kila mtu hadi ng'ambo ya mto. Na alikuwa ameivunja kwa ajili ya bwawa ambalo si lake.

"Hooyo..."

"Nyamaza, usinilize. Bado sijashiba vizuri."

Kinsi ndiye aliyeruka. "Mama Timiro! Samaki wa mtoni? Si wa bwawani?"

"Wa mtoni, mwanangu. Mkubwa, mweusi mweusi."

"Wa mtoni!" Kinsi alimtikisa Sagal mabega. "Abaayo, unaelewa? Bwawa zima ni ndugu. Tumekuwa tukitafuta damu mpya, na damu mpya imeingia yenyewe kupitia jikoni! Mama mwenye viashiria bora, baba kutoka nje ya ukoo. Hawa watoto wanaweza kuwa ndio kundi lenyewe!"

"Wanaweza," Korane alidakia. Fimbo yake haikuwa inagonga tena. Yeye ndiye aliyelea ngamia maisha yake yote, na hakuna aliyejua zaidi yake kundi la damu moja linavyokufa taratibu. "Wanaweza si neno. Mtathibitishaje?"

"Kwa vifaranga tutaona nusu iliyotoka kwa baba. Lakini nusu hiyo lazima tuilinganishe na baba mwenyewe. Tunahitaji kipande chake. Pezi, hata dogo, lakini bichi. La kukaangwa siliamini."

Watu wote wakamgeukia Mama Timiro.

"Mapezi huwa nayakata kabla ya kukaanga," alisema, na matumaini yakaanza kumpanda usoni. "Yako kwenye sahani. Dirishani."

"Mlete kipande hicho mkononi mwangu," Korane alisema, "na nitasubiri majibu, hata yakichukua mwezi. Bila hicho kipande, sina la kusubiri."

"Aabo, basi mpigie dereva wa tingatinga asianze!"

"Nimwambie nini? Kwamba namsubiri baba wa samaki?" Lakini tayari alikuwa anabonyeza simu. Ikaita. Ikaita. "Hasikii. Ameshawasha."

*

Walirudi na gari la Kinsi, pipa nyuma, Sugow nyuma na pipa, anapiga pampu njia nzima kama mtu anayelipa dhambi. Kila tuta la barabara lilimpaisha, akashuka na pampu yake.

Tingatinga lilikuwa linanguruma pembeni ya bwawa. Dereva, mtu wa Mwingi, alikuwa ameshalisogeza, koleo chini, linakuja polepole na mlima wa udongo mbele yake.

"Shusheni pipa!" Kinsi aliamuru. "Samaki hatastahimili zaidi!" Yeye na Sugow wakalishusha ukingoni mwa bwawa, mahali pa karibu, hawakutazama ni wapi. Sugow akachuchumaa, akawapa mgongo walimwengu, akaendelea kupiga pampu. Kinsi akaruka majini kufungua kizimba.

Sagal, Hamda mgongoni, na Mama Timiro walikuwa wameshafika kwenye dirisha la jikoni.

Sahani ilikuwepo.

Ilikuwa safi kabisa. Imelambwa.

"Paka," Mama Timiro alinong'ona.

Naye huyo hapo, juu ya ukuta, paka wa rangi ya kutu asiye na mwenyewe, anajilamba masharubu. Na mdomoni, likining'inia kama sigara, lilikuwa limebaki pezi moja.

Moja.

"Usimshtue," Sagal alisema. "Hooyo, usimshtue. Pole pole. Paka mzuri..."

"Paka huyo!" Korane alinguruma nyuma yao. "Mshikeni! Ana baba wa watoto!"

Paka alishtuka.

Aliruka kutoka ukutani, akapita juu ya banda la kuku, akakata uwanja. Nyuma yake Mzee Korane, kanzu ameishika mkononi, kofia imeanguka, anakimbia kama kijana aliyeona fisi zizini. "Waryaa! Wewe dereva! Zima hiyo gari! Zima!"

Dereva alitoa kichwa nje ili asikie. Mlango ulikuwa wazi. Paka akaona mlango.

Kuna watu wanaoogopa nyoka na kuna wanaoogopa nge. Dereva huyu alikuwa anaogopa paka. Alipiga ukelele mmoja, akajirusha upande wa pili, akajikuta amekaa kwenye udongo laini.

Paka naye akatoka upande wa kulia, pezi bado mdomoni, akaelekea kichakani kwa mwendo wa mtu aliyechoshwa na kelele.

Ndani ya tingatinga hakukuwa na mtu. Lakini lilikuwa linatembea.

Koleo lilisukuma udongo. Udongo ulijikunja, ukasogea, ukasogea tena, moja kwa moja kuelekea ukingoni kwa bwawa, palipo na pipa la buluu. Sugow hakusikia. Alikuwa anapiga pampu na kuomba msamaha kwa samaki.

"Adeer! Toka hapo!" Sagal alipiga kelele kutoka jikoni, anakimbia, Hamda analia mgongoni. Alikuwa mbali. Kinsi alikuwa ndani ya maji mpaka kifuani. Sugow aligeuka, akaona kile kinachomjia, na miguu yake ikamtupa pembeni kabla hajaiuliza.

Pipa likabaki peke yake.

"Aabo!" Sagal aliita. "Aabo, wewe ndiye uko karibu!"

Korane alisimama katikati ya uwanja. Kulia kwake, paka alikuwa anaingia kichakani na baba wa watoto. Kushoto kwake, pipa, na mama yao ndani, na nasaba yake mpaka kwa bibi.

Na maishani mwake mwote Mzee Korane hajawahi kushika samaki.